Inveta kwenye gari la kulala: nikiwasha pakoleta tu, piiiii, inajizima. Nisaidieni wakuu

NyumbaMagurudumu:
Habari zenu humu. Naomba niandike kwa urefu maana nimeshazunguka kwa mafundi watatu na kila mmoja ana la kwake, na la kila mmoja lina bei yake.

Mi niko Kampala, upande wa Ndeeba. Nilinunua drone, ile Hiace iliyokuwa inapiga njia ya Masaka, dizeli, otomatiki, nikang'oa viti vyote vya nyuma nikaweka kitanda, kabati, jiko la gesi la moto mbili na tenki la maji lita 60. Wazo langu niwakodishie wageni wanaotaka kuzunguka wenyewe, leo Murchison kesho Kidepo keshokutwa Bunyonyi, walale humo humo bila kuhangaika na hoteli. Kazi ya mbao imetoka safi, hata mke wangu ambaye hasifii kitu alisifia.

Shida ni umeme. Nimenunua inveta mjini, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, imeandikwa wati 2000, laki tatu kasoro. Imefungwa nyuma karibu na kabati, waya unatoka kwenye betri ya gari mbele, hiyo hiyo N70, unapita chini ya kapeti mpaka nyuma, kama mita nne hivi. Fundi alitumia waya wa nyumba wa milimita 6, akasema huu unabeba hata jiko la umeme. Vitu vyangu ni pakoleta ndogo ya nusu lita wati 800, blenda, laptopu, simu, na kafriji kadogo kale ka hotelini ka kuchomeka ukutani.

Sasa. Laptopu inachaji vizuri. Simu vizuri. Blenda inalalamika ila inasaga. Pakoleta nikibonyeza tu, sekunde mbili tatu, inveta inalia piiiii taa nyekundu halafu kimya. Nikizima nikawasha tena hivo hivo.

Na juzi nimeenda Kidepo na wageni wawili, usiku tumeacha friji inafanya kazi maana walikuwa na nyama na bia zao, asubuhi napiga stata, tik tik tik tik. Otomatiki, kusukuma haiwezekani. Tumekaa pale mpaka saa nne tunatazamana na ngiri mpaka askari wa hifadhi mmoja akaja na pikapu tukajampu. Aibu niliyopata sitaki hata kuisimulia, mgeni mmoja alikuwa anarekodi video.

Fundi wa kwanza anasema betri imekufa. Wa pili anasema inveta feki nunua ya wati 3000. Wa tatu anasema achana na hayo nunua jenereta. Nani mkweli?

TreilaElegu:
Usinunue kitu kwanza ssebo. Huo waya ndo ugonjwa.

MamaRolex:
Una jiko la gesi la moto mbili halafu unahangaika na pakoleta? Banange wanaume.

NyumbaMagurudumu:
@MamaRolex wageni ndo wanataka nyabo, wao asubuhi hawataki kuwasha gesi, wanataka kubonyeza kitu wakiwa bado kwenye blanketi.

FundiKatwe:
Mleta uzi, mi nafunga hivi vitu kila siku, magari ya safari na ambulensi. Kabla hatujabishana fanya hivi, chukua mita, hata ile ya elfu ishirini. Mtu mmoja akae mbele mita ikiwa kwenye vichwa vya betri, pakoleta iwashwe, usome. Halafu rudia, safari hii mita iwe nyuma, kwenye skrubu za inveta pale waya unapoingilia, nyekundu na nyeusi. Pakoleta iwashwe, usome haraka kabla haijazima. Lete namba zote mbili hapa. Usipime pakoleta haijawashwa, hiyo haisemi kitu, waya mbovu bila mzigo unaonyesha namba nzuri kabisa.

BukobaNgambo:
Samahani pakoleta ndo nini? Huku Tanzania hatuna hiyo

MamaRolex:
Jagi la umeme la kuchemshia maji. Sisi Uganda tunaita pakoleta, usituulize kwa nini.

BukobaNgambo:
Haya sawa, nilidhani kifaa cha safari

NyumbaMagurudumu:
Nimerudi na namba. Kijana wangu alikuwa nyuma na tochi.

Kwenye betri, pakoleta imewashwa: 11.9
Kwenye inveta, pakoleta imewashwa: 10.0, ikashuka 9.9 ikalia ikazima.

Bila mzigo kote kote 12.6. Kwa hiyo volti mbili zimekwenda wapi??

FundiKatwe:
Zimekwenda kupasha moto kapeti lako.

Sikiliza niieleze taratibu maana hapa ndo watu wengi wanapotea. Nyumbani umeme ni 240, pakoleta ya wati 800 inavuta ampea tatu na kitu tu, waya mwembamba unatosha, ndo maana yule fundi wa nyumba aliona milimita 6 ni waya mkubwa, na kwa nyumba ni mkubwa kweli. Ila kwenye gari una volti 12. Wati zile zile 800 gawanya kwa 12 unapata 67, ongeza na inveta yenyewe inapoteza sehemu ya kumi na kitu, unakaribia ampea 76. Na volti zikishuka inveta haipunguzi kuvuta, inaongeza, maana inatafuta zile wati zake, kwa hiyo unafika 85 au 90.

Sasa waya wako ni mita nne kwenda na mita nne kurudi, watu wanasahau kurudi. Mita nane za shaba ya milimita 6 zinaleta ukinzani wa kama omu 0.023. Zidisha na ampea 85. Volti 2 hizo hapo. Inveta nyingi zinajizima zikiona 10.5 au chini kidogo, zimetengenezwa hivo ili zisiimalize betri. Yako haina kosa hata moja, inaona 9.9 inadhani betri imekwisha. Inadanganywa na waya.

Weka mkono kwenye waya ukiwa umewasha blenda dakika mbili, uniambie.

NyumbaMagurudumu:
Nimefunua kapeti. Kuna sehemu waya umepita chini ya chuma cha kitanda, plastiki imelainika kama jojo, ukiibonyeza kidole kinaacha alama. Na ile harufu niliyokuwa naisikia asubuhi Kidepo nikadhani ni mayai yameungua kwenye kikaango, kumbe ni hii. Na sioni fyuzi popote, waya umetoka kwenye kichwa cha betri moja kwa moja.

TreilaElegu:
Umelala juu ya hicho kitu na wageni???

FundiKatwe:
Chomoa leo. Sio kesho. Kile chuma kikishakata plastiki kikagusa shaba ni betri nzima inamwaga moto kupitia waya mmoja bila fyuzi, na wewe una mtungi wa gesi humo ndani.

NyumbaMagurudumu:
Nimechomoa.

BukobaNgambo:
Mleta uzi hebu na hiyo inveta yenyewe uifungue kifuniko, skrubu nne tu za pembeni. Ndani utaona fyuzi za rangi zimechomekwa kwenye bodi, zile bapa kama za gari. Hesabu ziko ngapi na namba iliyoandikwa juu. Mi nilifundishwa na mzee mmoja wa Kyaka na tangu siku hiyo sidanganyiki dukani, nikifika naomba bisibisi kwanza, wenye duka wengine wananifukuza na hao najua tayari.

NyumbaMagurudumu:
Tatu. Kila moja 30.

BukobaNgambo:
30 mara 3 ni 90. Mara volti 12 ni wati 1080 zinazoingia. Toa zinazopotea njiani unabaki na kama 900 na kitu zinazotoka. Hiyo wati 2000 imeandikwa kwa rangi ya dhahabu tu hapo nje. Wenyewe wanakuambia ni ya sekunde moja wakati mota inaanza, haya sekunde moja unachemshia chai gani?

NyumbaMagurudumu:
Kweli imeandikwa kwa dhahabu 😂 umejuaje

BukobaNgambo:
Zote zinaandikwa kwa dhahabu

TreilaElegu:
Niongeze la sisi wa malori maana najua humu kuna madereva wanasoma kimya kimya. Lori ni volti 24, betri mbili zimeungwa mfululizo. Watu wananunua inveta ya 12 kwa sababu ni rahisi, wanaichomeka kwenye betri moja tu kati ya zile mbili. Inafanya kazi, TV inawaka, mtu anafurahi pale foleni ya mpakani Elegu. Baada ya miezi miwili mitatu betri moja haishiki chaji na ya pili inachemka maji. Sababu altaneta inazichaji zote mbili kama kitu kimoja, haijui kwamba moja unaikamua peke yake, kwa hiyo ile iliyokamuliwa haijai kamwe na mwenzake anazidishiwa. Nimeua betri mbili za N150 hivo, bosi akanikata mshahara. Nunua inveta ya 24 basi, au kile kipunguza volti cha 24 kwenda 12 kinachokaa katikati.

KijanaMbarara:
hii imenikuta mimi, asante mzee, nilikuwa namlaumu muuza betri

NyumbaMagurudumu:
Sawa la waya nimelielewa. Sasa Kidepo? Usiku ule pakoleta haikuwashwa kabisa. Betri ilikwishaje?

FundiKatwe:
Hilo ndo nililokuwa nalisubiri. Una magonjwa mawili, wewe na mafundi wako mmeyapa jina moja.

Pakoleta inavuta kwa nguvu ila kwa dakika chache. Nusu lita kuchemka kwa wati 800 ni dakika tatu na nusu nne, betri inapoteza kama ampea-saa 5 basi, yaani ampea mara saa. Pakoleta haiwezi kukumalizia betri, yenyewe inaonyesha tu waya mbovu. Aliyekumalizia ni friji na inveta yenyewe usiku kucha.

Fanya hesabu. Friji ya ukutani ikipitia inveta, ukiweka wastani wa kuwaka na kuzima, sema ampea 4. Inveta bila mzigo wowote, imewashwa tu feni inazunguka, inakula ampea moja na kitu. Jumla 5 na zaidi. Saa kumi za usiku ni ampea-saa 50 na kitu. Betri yako ni N70, yaani 70 ikiwa mpya, na ni betri ya stata, haikuzaliwa kukamuliwa taratibu usiku mzima, ukiishusha chini ya nusu mara chache tu mabati ya ndani yanaanza kuharibika. Kwa hiyo sasa hivi hata 70 haiko.

Inveta yako ilikuwa na ile kinga ya 10.5, lakini injini ya dizeli haiwaki kwa betri ya 10.5, huko ni chini sana. Kinga inalinda betri isife kabisa, haikulindii stata. Betri ikiwa imepumzika 12.7 imejaa, 12.2 iko nusu, na hapo nusu ndipo pa kuacha.

MamaRolex:
Hii ya inveta kula umeme bila kazi nimeishuhudia nyumbani. Umeme ulikatika wiki nzima, mume wangu anazima taa zote anaacha inveta imewashwa "tusichoshe switchi". Asubuhi hamna kitu.

NyumbaMagurudumu:
Kwa hiyo nifanye nini, niweke betri mbili?

FundiKatwe:
Ndio. Betri ya stata isiguswe na kitu chochote cha nyumba ya nyuma, hata taa. Weka ya pili, zile zilizozibwa za kukamuliwa taratibu, ampea-saa 100 kwenda juu, uifunge na chuma nyuma ya kiti cha dereva. Usiweke ile ya kumiminia maji ndani ya chumba cha kulala, ikichajiwa inatoa hewa inayoshika moto, na inveta ina cheche zake. Kati ya betri mbili weka rilei inayojiunga yenyewe ikiona volti 13.3 hivi, yaani injini imewaka altaneta inachaji, na inajiachia volti zikishuka 12.8. Ukizima gari mbili hizo hazijuani tena. Waya unaoziunga uweke fyuzi mwisho huu na mwisho ule, kote kuna betri, kote kunaweza kuwaka.

Halafu inveta hamisha. Sio waya ufuate inveta, inveta ifuate betri. Iweke mita moja tu kutoka betri ya pili, waya milimita 35, fyuzi kubwa ya 150 ndani ya shibiri moja kutoka kichwa cha chanya. Kutoka inveta kwenda nyuma kwenye soketi sasa ni 240, hapo ndo utumie ule waya wako wa nyumba, kipande kizima lakini sio kile kilicholainika.

Waya wa 35 njoo Katwe utafute wa kuchomelea, ule mweusi mlaini wenye nyuzi nyembamba nyingi. Ila njoo na wembe. Kuna ambao ni aluminiamu imepakwa shaba, nje wekundu mzuri, ukikwangua ndani mweupe, na ukiubeba mwepesi kama kamba ya katani. Huo upitishie mbali. Na vichwa vya shaba vibanwe kwa mashine ya kubana, fundi akitoa nyundo ondoka.

JuaKayabwe:
Na sola je? Mbona hakuna anayetaja? Mi nina paneli ya wati 200 juu ya kebini, inakaa bapa kabisa. Huku kwetu ikweta inapita barabarani, watalii wanapiga picha kila siku, jua linapita utosini, hakuna haja ya kuinamisha paneli kama wale wa Ulaya na vyuma vyao vya kukunja. Siku nzuri napata kama wati-saa 700 mpaka 800, inatosha friji ya 12 na taa na simu. Ila mtu akiegesha chini ya mti sahau, hata kivuli cha tawi moja kinashusha paneli nzima. Na watalii wanapenda mti.

NyumbaMagurudumu:
Friji ya 12 ndo ipi?

JuaKayabwe:
Zile za sanduku zinazofunguliwa juu, zina kompresa yake ya volti 12, unachomeka kwenye betri moja kwa moja bila inveta. Inavuta wati 45 hivi ikiwaka, na haiwaki muda wote. Na kwa sababu mlango uko juu ukifungua baridi haimwagiki miguuni. Ni ghali, sikufichi. Mi nilinunua iliyotumika kwa mzungu mmoja aliyekuwa anamaliza safari yake anauza kila kitu arudi kwao.

KijanaMbarara:
kwa hiyo siri ni kuepuka inveta?

JuaKayabwe:
Kwa vitu vinavyokaa muda mrefu, ndio. Simu pia, kuna chaja za gari zinatoka 12 kwenda 5 moja kwa moja. Ukipitisha kwenye inveta unapandisha 12 kwenda 240 halafu chaja inaishusha tena kwenda 5, kila ngazi inakula chake.

DadaJinja:
Naomba kuuliza, mnaposema inveta nzuri na mbaya, ile ya mawimbi safi, umeme laini kama wa nguzo, na ile ya mawimbi ya ngazi, umeme unaoruka kama ngazi, kuna tofauti kweli au ni maneno ya duka? Maana ya kwangu ya bei rahisi maikrowevu inanguruma kama nyuki na chakula kinatoka vuguvugu.

FundiKatwe:
Tofauti ipo, na umeshaijibu mwenyewe dada. Vitu vya kupasha tu kama pakoleta na pasi havijali. Laptopu na chaja nyingi hazijali sana. Vyenye mota na transfoma, feni, blenda, friji, maikrowevu, vinajali, vinapata joto, vinanguruma, nguvu inapungua. Ile ya mleta uzi ni ya ngazi, ndo maana blenda "inalalamika". Akibadilisha anunue ya mawimbi safi hata kama ni ndogo. Wati 1000 za kweli ni bora kuliko 3000 za dhahabu.

DadaJinja:
Basi niongeze na langu msije mkarudia. Tulikuwa kambi moja karibu na mto, kuna soketi ya kambi kwenye nguzo, nikasema leo tupumzishe betri. Nikavuta waya wa kambi nikauchomeka kwenye ekstensheni ile ile iliyotoka kwenye inveta, bila kuzima inveta. Ilitoa sauti moja tu, pwaa, na moshi mweupe. Fundi alipoifungua tulikuta transista zimepasuka katikati kama karanga. Sikujua kwamba umeme wa nje haukutakiwa kukutana na wa inveta hata sekunde moja.

TreilaElegu:
Pole nyabo. Kuna switchi ya kugeuza, huku au kule, katikati hakuna. Bei yake haifiki hata nusu ya transista zako.

MamaRolex:
Na watoto jamani. 240 ya inveta inaua kama 240 ya nguzo, watu wanadhani kwa sababu imetoka kwenye betri basi ni umeme mdogo. Mwanangu alitaka kuchokonoa na kijiko.

MzeeLithiamu:
Mnajichosha na betri za risasi na asidi mwaka huu? Weka betri ya lithiamu moja, unaitumia karibu yote bila kuharibika, nyepesi, volti hazishuki ukiwasha pakoleta. Mimi nimeweka na sijarudi nyuma.

FundiKatwe:
Mzee ni kweli, na hela ikiwepo ningemwambia hivo. Ila mwambie yote. Lithiamu usiiunge kwa rilei tu na altaneta ya Hiace, yenyewe inameza ampea zote inazopewa, gari likiwa kwenye foleni ya Kibuye injini inazunguka taratibu hewa haipiti, altaneta inaungua. Lazima uweke chaja ya katikati ya 12 kwenda 12 inayopima ampea 20 au 30. Bei ya hiyo chaja peke yake imeniletea ugomvi na wateja.

MzeeLithiamu:
Chaja ninayo ndio. Nilisahau kuitaja.

TreilaElegu:
Ulisahau au bei ilikuuma 😂

NyumbaMagurudumu:
Wakuu wiki tatu baadaye nimerudi. Nilimpata FundiKatwe ana kwa ana, ni mtu wa maneno machache kuliko humu.

Tuliyofanya: betri ya pili iliyozibwa ya 100, nyuma ya kiti cha dereva, imefungwa na chuma. Rilei. Inveta ya mawimbi safi wati 1000, bei yake nimeapa sitamwambia mke wangu na yeye hasomi humu. Waya wa kuchomelea 35, nilienda na wembe kweli, duka la kwanza ndani mweupe, la pili ndani mweupe, la tatu mwenye duka aliponiona natoa wembe akacheka akaniambia "huo weka, twende nyuma" akanitolea mwingine. Fyuzi 150. Kila nati ina washa ya springi maana barabara ya kwenda Kidepo inafungua nati hata zile za magurudumu.

Namba: pakoleta imewashwa, kwenye betri 12.0, kwenye inveta 11.9. Nusu lita imechemka dakika nne, nikasimama naitazama kama mtoto anatazama treni. Hakuna piii.

Inveta nimeiwekea switchi pale kitandani yenye taa nyekundu, wageni wanaambiwa, taa ikiwaka na hamtumii kitu, zimeni. Friji ya hotelini nimempa dada yangu dukani kwake. Ya sanduku bado natafuta, kwa sasa wageni wanapewa boksi la barafu.

MamaRolex:
Na chai?

NyumbaMagurudumu:
Nyabo usicheke. Wageni wa wiki iliyopita walikuwa wanne, nusu lita haiwatoshi, wakachemsha mara ya kwanza, ya pili, ya tatu hawakungoja, wakawasha gesi wakaweka sufuria la lita mbili.

MamaRolex:
😂😂😂

KijanaMbarara:
hiyo pakoleta unauza?

NyumbaMagurudumu:
Siuzi. Imenigharimu zaidi ya milioni kuifanya ichemke.